Federer Kastaafu, Sasa Nimshabikie Nani?

Shabiki wa Yanga hapewi kazi ya kuchagua. Babu alikuwa Yanga, baba ni Yanga, na mtoto hata hajatoka hospitali kuna mjomba ameshamnunulia jezi ya kijani. Timu ikipigwa tano ananuna, anazima simu ili watani wa Msimbazi wasimpate, lakini wiki inayofuata timu iko uwanjani. Klabu ilianzishwa 1935, walioianzisha wameshazikwa, na bado inasajili. Sisi wa tenisi hatuna usalama huo. Sisi tunashabikia mtu, na mtu ana magoti.

Goti la kulia la Roger Federer lilipasuliwa mara mbili mwaka 2020, na mara ya tatu mwaka uliofuata. Mechi yake ya mwisho ya mmoja kwa mmoja ilikuwa robo fainali ya Wimbledon 2021 dhidi ya Hubert Hurkacz wa Poland, na seti ya mwisho ikaisha 6-0. Sita bila, kwenye nyasi zilezile alikochukulia mataji manane. Niliitazama yote kwa sababu siku zile nilikuwa naamini kuwa kuzima luninga ni usaliti. Septemba 2022 akaaga rasmi London kwenye Laver Cup, mashindano ya timu, akicheza wawili-wawili na Rafael Nadal, kisha wakakaa kwenye benchi wameshikana mikono wakilia.

Na mwaka huo ulikuwa na kisirani chake. Ashleigh Barty alishatangulia mwezi Machi, akiwa na miaka 25 na namba moja wa dunia. Serena Williams akacheza mechi yake ya mwisho New York mwanzoni mwa Septemba, akafungwa na Ajla Tomljanović. Nadal mwenyewe akaburuza mwili hadi Novemba 2024, akamalizia Málaga kwa kipigo kutoka kwa Mholanzi Botic van de Zandschulp, jina ambalo hadi leo nikilitamka nyumbani watu wanadhani napiga chafya. Nikabaki kama mpangaji ambaye majirani wote wamehama.

Marafiki wawili watatu tunaofuatilia mchezo huu wana jibu rahisi: Djokovic si bado yupo? Yupo. Ana mataji 24 ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa (Australia, Roland Garros ya Paris, Wimbledon na New York), ana dhahabu ya Olimpiki ya Paris, na anayebisha kuhusu ubora wake anabisha kwa sababu anapenda kubisha. Mimi siwezi. Sababu yangu ina tarehe: Julai 14, 2019.

Kwa wasioijua, siku hiyo ilikuwa fainali ya Wimbledon. Seti ya tano, Federer anaongoza 8-7, yeye ndiye anayeanzisha mpira, 40-15. Pointi mbili za ubingwa mkononi, umri unakaribia 38. Ya kwanza akapiga mpira wa kulia ukatoka nje kwa upana. Ya pili akasogea kwenye wavu, Djokovic akaupitisha mpira kwa mshazari mbele ya raketi yake. Mchezo ukaendelea mpaka 12-12, ikaja taibreka, yaani gemu ya pekee ya kuamua seti, na saa nne na dakika 57 baada ya kuanza Djokovic alikuwa anatafuna majani ya uwanja kama ilivyo desturi yake akishinda pale. Ukihesabu pointi zote za mechi, Federer alipata 218 na Djokovic 204. Aliyepata pointi nyingi ndiye aliyefungwa.

Usiku ule sikulala. Nilijilaza, nikageuka huku, nikageuka kule, nikawa naurudia ule mpira wa kwanza kichwani nikiusogeza ndani sentimita chache. Asubuhi kazini mtu akaniuliza nani amefariki.

Tangu hapo nina kipimo changu, nacho ni tofauti na wanavyoshauri wengine. Wengi watakwambia mfuate anayeshinda, au mwenye mchezo mzuri, au mwenye tabia njema. Hizo ni sababu za kumheshimu mtu. Mchezaji wako utamjua akipoteza. Ukilala vizuri, huyo si wako, ni mtu unayemtazama tu. Na tenisi ina kupoteza kwingi kuliko watu wanavyofikiri. Federer mwenyewe, akihutubia wahitimu wa Chuo cha Dartmouth mwaka 2024, aliwaambia kwamba alishinda karibu asilimia 80 ya mechi zake zote lakini asilimia 54 tu ya pointi. Yule bwana tuliyemwona kama anateleza juu ya nyasi alikuwa anapoteza karibu pointi moja katika kila mbili.

Nilianza kutafuta kwa njia ya kivivu: nikatafuta anayefanana naye. Nilitaka pigo la nyuma la mkono mmoja, lile ambalo mkono unafunguka mpaka mwisho na kifua kinabaki wazi. Pigo hilo linakufa. Februari 2024, kwa mara ya kwanza tangu orodha ya ubora wa wanaume ianze kutumia kompyuta mwaka 1973, kumi bora hawakuwa na hata mmoja anayelitumia. Sababu si fumbo. Mpira wa siku hizi unakuja na mzunguko mkali, unadunda hadi begani, na begani mkono mmoja hauna nguvu. Makocha wanajua, kwa hiyo mtoto wa miaka saba anawekewa mikono miwili na hakuna mjadala.

Wamebaki wachache. Lorenzo Musetti wa Italia anapiga vizuri sana na anacheza na sura ya mtu aliyedhulumiwa shamba. Nilijaribu kumfuata. Kila akikosa pointi anageukia benchi lake kulalamika, na baada ya seti mbili mimi ndiye ninayechoka. Giovanni Mpetshi Perricard, Mfaransa mwenye asili ya Cameroon na Benin, naye ana mkono mmoja, lakini watu wanamjua kwa jinsi anavyoanzisha mpira. Wimbledon 2025 alipiga mmoja wa kilomita 246 kwa saa, wa kasi kuliko wowote uliowahi kupimwa pale. Taylor Fritz akaurudisha. Mfaransa akaipoteza pointi ile, na akiwa ameshachukua seti mbili za kwanza, akaja kuipoteza na mechi. Nilicheka nikiwa peke yangu sebuleni. Na kwa kuwa nilicheka, nikajua huyu naye si wangu.

Carlos Alcaraz nilimpa nafasi ya haki kabisa. Jumapili ya Juni 8, 2025 fainali ya Roland Garros ilianza saa kumi jioni kwa saa zetu, nyumbani umeme hakuna. Nikashuka mpaka kibanda umiza kilicho nyuma ya kituo cha daladala, ambacho kina jenereta. Mpira wa siku hiyo ulikuwa saa nne usiku, Ureno na Hispania, fainali ya Nations League. Mwenye kibanda amekaa mlangoni na daftari lake, luninga inaonyesha marudio ambayo hakuna anayeyatazama.

"Kaka, naomba niwekee tenisi."

"Tenisi? Kuna mtu ameibeti?"

"Hapana. Mimi tu nataka kuangalia."

"Basi lipa kiingilio cha watu watano."

Nikalipa cha watatu, tukaelewana. Saa mbili za kwanza nilikuwa mimi, yeye, na muuza karanga aliyeingia kukwepa jua. Jannik Sinner akachukua seti mbili. Jua lilipozama wakaanza kuingia vijana wa Ronaldo, namba saba mgongoni, mapema ili wapate benchi la mbele. Walikuta tenisi na wakalalamika kidogo, kisha wakaanza kuuliza. Kwa nini wanahesabu kumi na tano, thelathini, halafu arobaini? Kwa nini isiwe arobaini na tano? Huyo mwenye nywele nyekundu ndiye anayeongoza? Sasa mbona hachangamki?

Seti ya nne Sinner akawa mbele 5-3, Alcaraz anaanzisha, 0-40. Pointi tatu za ubingwa. Mwenye kibanda akanyoosha mkono kwenye rimoti, "Kwisha habari yake, mwalimu, pole." Nikamwomba dakika mbili. Alcaraz akazifuta zote tatu, moja moja, akarudisha gemu, akachukua seti kwenye taibreka. Kijana mmoja akasimama juu ya benchi: "Huyu mtoto ana roho ya paka!" Kuanzia hapo hakuna aliyeuliza habari za Ureno. Nusu ya kibanda wakawa upande wa mwekundu, nusu upande wa roho ya paka, na muuza karanga akawa anamfafanulia mgeni aliyechelewa maana ya taibreka, tena kwa usahihi kuliko nilivyomfafanulia mimi. Saa tano na dakika 29, fainali ndefu kuliko zote katika historia ya Roland Garros. Ile taibreka ya mwisho Alcaraz akaishinda 10-2, kibanda kikalipuka, na muda mfupi baadaye Ureno wakaingia uwanjani.

Mechi bora niliyowahi kuitazama, na siweki neno "labda". Nikarudi nyumbani nikalala fofofo. Na nikijipima kwa ukweli, hata Sinner angeshinda ningelala vilevile. Alcaraz ana kila kitu nilichokuwa nakitafuta: dropu (mpira mfupi unaofia karibu na wavu), tabasamu, kiherehere, mipira inayotoka pembe ambazo hazipo. Labda ndiyo tatizo. Hanihitaji. Ana dunia nzima.

Sinner naye sina la kumlaumu uwanjani. Ile habari ya vipimo vyake viwili vya Machi 2024 vilivyokutwa na dawa iliyokatazwa michezoni, na miezi mitatu aliyokaa nje mwaka uliofuata baada ya makubaliano na shirika la kupambana na dawa, imesemwa mpaka ikachakaa. Mimi namwona kama mtu anayefanya kazi ya benki, anaifanya vizuri kuliko wote, na saa kumi na moja anafunga dirisha.

Kumbe muda wote huo nilikuwa na mtu, ila sikuwa nimemhesabu kwa sababu nilikuwa natafuta mwanaume. Ons Jabeur wa Tunisia. Alipofika namba mbili wa dunia Juni 2022, hakuna mwanamke wa Afrika wala wa nchi za Kiarabu aliyekuwa amefika huko. Nyumbani kwao wanamwita Waziri wa Furaha. Dropu yake inastahili kutazamwa taratibu: anavuta raketi nyuma kama anayetaka kuupasua mpira, mpinzani anarudi hatua mbili kujiandaa, halafu mkono unalegea dakika ya mwisho na raketi inapita chini ya mpira kwa kuupapasa. Mpira unavuka wavu, unadunda, unadunda tena palepale. Mpinzani bado yuko kule nyuma. Wakati mwingine anakimbia tu ili isionekane kwamba amekata tamaa.

Alicheza fainali tatu za Grand Slam na kupoteza zote. Wimbledon 2022 alichukua seti ya kwanza dhidi ya Elena Rybakina, akapoteza mbili zilizofuata. New York mwaka huohuo, Iga Świątek. Wimbledon 2023, Markéta Vondroušová, ambaye hata kwenye orodha ya waliopangiwa nafasi hakuwemo. Ile ya tatu ilikuwa na uchungu wa pekee, kwa sababu alikuwa amewatoa Rybakina na Aryna Sabalenka njiani na kila mtu alishaona kazi imekwisha. Alilia hadharani, Kate mke wa Prince William akamkumbatia. Ndiyo, na usiku ule pia niligeuka huku na kule.

Halafu Julai 2025, baada ya Wimbledon aliyoishia raundi ya kwanza akiwa hawezi kupumua vizuri kwa joto, akatangaza kwamba anapumzika. Alieleza kuwa kwa muda mrefu hakuwa na furaha uwanjani. Waziri wa Furaha! Nilimwelewa kabisa, na nilimkasirikia kidogo, kama mtu anayekasirikia jirani aliyehama bila kuaga ilhali amekuaga.

Sasa turudi kwenye wikendi ya ile fainali ya Ons na Rybakina, Julai 2022, kwa sababu kulikuwa na fainali nyingine palepale Wimbledon ambayo haikuwa kwenye luninga yangu. Wasichana chini ya miaka 18, wawili-wawili. Upande mmoja Angella Okutoyi wa Kenya na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Upande wa pili Wakanada wawili. Okutoyi na mwenzake wakapoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, wakamaliza ile taibreka ndefu inayochezwa badala ya seti ya tatu 11-9. Mkenya wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam la vijana. Niliifuata kwa namba tu kwenye simu, nikisubiri 9-9 ibadilike, intaneti inazunguka.

Habari yake Wakenya wanaijua. Mama yao alifariki alipojifungua mapacha, Angella na dada yake, wakalelewa Nairobi na bibi aliyekuwa mfanyakazi wa usafi shuleni. Baadaye akaenda Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, kusoma na kucheza, na Machi 2024 akachukua dhahabu ya mmoja mmoja kwenye Michezo ya Afrika, Accra. Kumshabikia Okutoyi ni kazi ya mikono. Mechi za ngazi yake zinaonyeshwa, zikionyeshwa, kwa kamera moja iliyofungwa nyuma ya uwanja, hakuna mtangazaji, unasikia viatu vinavyokwaruza na mtoto wa mtu analia. Shindano la ngazi ya chini kabisa la wanawake linagawa dola 15,000 kwa washiriki wote kwa ujumla. Wimbledon 2025, aliyefungwa raundi ya kwanza peke yake alilipwa pauni 66,000. Hapo toa nauli ya ndege, hoteli, kocha na nyuzi za raketi, halafu uniulize kwa nini Waafrika ni wachache kwenye mia bora.

Naendelea kumfuata, wala siachi. Lakini shabiki anataka pia kukaa kitako na kumwona mtu wake kwenye kioo, na hapa ndipo nilipowakumbuka wale Wakanada wawili waliofungwa 11-9. Mmoja wao alikuwa na miaka 15. Jina lake Victoria Mboko.

Wazazi wake walitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, yeye akazaliwa Charlotte, Marekani, mwaka 2006, akakulia Kanada. Mwaka 2025 aliuanza akiwa nje ya mia tatu bora. Mwishoni mwa Julai akaingia mashindano ya Montreal kwa nafasi ya upendeleo, akiwa namba 85 wa dunia, na kocha Nathalie Tauziat benchini, yule Mfaransa aliyecheza fainali ya Wimbledon 1998. Akamtoa Sofia Kenin. Akamtoa Coco Gauff, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka kutwaa Roland Garros, 6-1, 6-4. Nusu fainali dhidi ya Rybakina akapoteza seti ya kwanza 6-1, akaokoa pointi moja ya kuaga mashindano, akaanguka akaumia mkono wa kulia, akashinda kwa taibreka. Kesho yake, mkono umefungwa, fainali na Naomi Osaka: 2-6, 6-4, 6-1. Mabingwa wanne wa Grand Slam kwa shindano moja. Nilikuwa macho usiku ule wa manane, taa nimezima, sauti nimetoa, napiga ngumi mto.

Kilichonivuta si nguvu yake, ingawa anayo. Ni namna anavyopoteza seti. Seti ya kwanza inamwendea vibaya, uso haubadiliki, halafu unaona anaanza kusimama hatua moja ndani zaidi ya uwanja, kimyakimya, kama hakuna aliyeona. Mpinzani anaona gemu tatu baadaye.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa Djokovic, akanitumia ujumbe: "Bwana, huyo ni Mkanada. Mcongo yuko wapi hapo?" Hoja yake ni ya haki. Bendera ni ya Kanada, mafunzo ni ya Kanada, fedha ni za Kanada, na wao ndio wenye haki ya kutamba. Mimi nikamjibu kwamba Federer alikuwa Mswisi na sijawahi kumiliki hata chokoleti yao. Jina Mboko angalau naweza kulitamka.

Kipimo kikaja haraka. US Open, wiki chache baada ya Montreal, akafungwa raundi ya kwanza na Barbora Krejčíková, seti mbili safi. Nikazima simu, nikalala kitandani nikipiga hesabu: mkono haujapona, mashindano mengi mno, shinikizo, droo mbaya ya raundi ya kwanza. Nikageuka huku. Nikageuka kule. Mke wangu akauliza, "Huyu naye nani tena?"

Novemba akachukua Hong Kong, kwa hiyo nikapata usingizi kidogo. Sasa tatizo ni Australia. Melbourne mechi za mchana zinaanza saa tano asubuhi kwao, ambayo kwetu ni saa tisa usiku. Mke wangu ameomba, kwa upole, kama huyo binti hawezi kupangiwa mechi za usiku wa kule. Za usiku wa kule ni saa tano asubuhi hapa, niko ofisini, na meza yangu inatazamana na mlango wa bosi. Nimemwambia tuombe iwe za mchana.